Débora Kalwa, Mpishi wa Vilio vya Kashikishi

Wapendwa mlioacha nyavu, mashamba na meza zenu za soko asubuhi hii, familia ya Kalwa inawashukuru kwa kufika, na kwa kuwa mimi Arlène ndiye mdogo wake pekee aliyebaki, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, nitasoma kwa Kiswahili chetu cha Pweto, na Ba Chewe, mzee wa kanisa, atawageuzia jirani zetu kwa Kibemba, na tafadhali Ba Chewe, geuza polepole, maana sisi tunajua neno moja likiteleza linaweza kufanya nini.

Marehemu alizaliwa Pweto, Katanga, tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa kwanza kati ya sita wa baba yetu Ruffin Kalwa, fundi wa cherehani, na mama yetu Brigitte, muuza samaki wakavu, na bibi yetu alizoea kutuambia kwamba mtoto huyo alilia kwa nguvu hata wavuvi waliokuwa majini wakajua kwa Kalwa kumeingia mtu. Sauti hiyo hakuipunguza maisha yake yote, jirani zake wa ukuta ni mashahidi.

Alianza shule ya msingi ya misheni hapo Pweto mwezi wa Septemba 1972, akamaliza Julai 1978, akapelekwa kusomea ushonaji ili amrithi baba, akakaa huko miaka miwili na kuacha, wengine husema ni kwa sababu ya karo, lakini mbele ya jeneza hatudanganyi, yaya hakupenda sindano, alipenda chungu. Mwaka 1982 akapata kazi ya upishi katika nyumba ya wageni ya misheni, na huko ndiko alikojifunza kupikia watu wengi kwa moto mmoja, mpaka watu wakaanza kumwita kwenye vilio, yaani matanga, kwa sababu kwetu aliyetoka mbali kuja kukusaidia kulia hawezi kulala njaa, na mpishi wa kilio ndiye anayejua nani hajatia kitu mdomoni tangu jana, nani amelia kupita nguvu zake, na nani amefuata bukari tu, huo ugali wetu. Hao wa mwisho aliwapa pia, ila aliwapa ukoko.

Tarehe 6 Agosti 1988 alifunga ndoa na Fabien Mulobe, mfanyabiashara wa samaki, mtu mpole aliyekuwa akisema kwamba alioa sauti na mwenye sauti akaja nayo, wakajaliwa watoto watatu, Camille aliyezaliwa 1989, Jean aliyezaliwa 1992, na Pitchou aliyezaliwa na kufariki mwaka uleule wa 1999, kwa kuhara, kabla hajaota jino. Shemeji Fabien alitutoka tarehe 2 Mei 2011. Septemba 2017 vita vilitufikia, tukavuka mpaka kuingia nchi hii na nguo za mwilini, tukapokelewa kambi ya muda ya Kenani, ambako yaya alikaa siku moja akiwatazama waliokuwa wakipika uji wa wakimbizi, na siku ya pili akawanyang'anya mwiko. Tulipelekwa makao ya Mantapala, tukalima mihogo, na mwaka 2020 tukahamia hapa Kashikishi, mimi niuze chisense, dagaa wa ziwa hili, yeye apike, na jirani Wabemba wakamwita Bana Camille, yaani Mama Camille, wakamwita na kwenye vilio vyao.

Sasa nifike mahali ambapo wengi wenu mnapangojea, nami nitapasoma taratibu kwa sababu hapa tunamzungumzia mfu na tunamzungumzia pia huyu anayesoma. Mwanzoni mwa mwaka 2023, katika mvua, kipindupindu kiliingia kwenye makambi ya wavuvi, na watu wa afya wakafanya jambo jema, wakapitisha gari lenye kipaza sauti kutuonya kwa lugha zote, na kwa upande wa Kiswahili wakampa kipaza sauti kijana wetu Obvious, Mbemba aliyejifunza Kiswahili kwa kubishana bei na Wakongomani bandarini. Ujumbe aliopewa ulikuwa kwamba watu wasile pamoja vilioni, kwa kuwa beseni moja la kunawa na sinia moja ndivyo vilivyokuwa vikiusambaza ugonjwa. Obvious, moyo wake ukiwa safi kabisa, alichukua neno la kula kwa Kibemba, ukulya, akalivisha shati la Kiswahili, akapita kambi kwa kambi akitangaza, "Musilye pamoja! Ku kilio, mutu asilye na mwenzake!"

Ninyi Wabemba mlisikia chakula, sisi tulisikia machozi. Tulielewa kwamba serikali imekataza watu kulia pamoja, kwamba ukifia kliniki utafungwa kwenye plastiki na kuzikwa kama mbwa wa njiani, bila hata dada yako kupaza sauti, na kwa watu waliokwisha kuacha makaburi yao ng'ambo, hilo lilikuwa zaidi ya ugonjwa wenyewe. Basi wagonjwa wakafichwa, watu wawili wa kambi ya juu wakafa ndani ya nyumba na kuzikwa usiku, na aliyesimama sokoni akasema kwa sauti yake yote kwamba heri tufe tukililiwa alikuwa yaya wangu Débora, tena aliongeza kwamba maji ya ziwa hili tumeyanywa tangu utoto na hayajamuua mtu. Nayasema haya kwa sababu angekuwa hai angeyasema mwenyewe, na kwa kelele zaidi.

Kisha nikaugua mimi. Ilianza alfajiri, na kufika saa nne sikuweza kusimama, macho yamezama, miguu inakaza, jirani wakasema tufunge mlango, na yaya aliufunga, akakaa karibu yangu akininywesha maji kwa kijiko, akinitazama, na Camille ananiambia kwamba wakati fulani alimsikia akilitaja jina la Pitchou. Ndipo akafungua mlango, akaenda kliniki, na msidhani alikwenda kuomba dawa, alikwenda kugombana. Alimkuta Sista Thandiwe, muuguzi, hajalala tangu juzi, akapiga meza akauliza, "Nikiwaletea mudogo yangu, na akikufa, tutamulilia ao hatutamulilia?"

Sista hakuelewa, akamwita Obvious ageuze, Obvious akageuza, Sista akauliza ni nani aliyekataza watu kulia, yaya akamnyooshea kidole Obvious, "Ni huyu! Kila siku anapita, musilie, musilie!" na Obvious, kwa mshangao wa mtu aliyeshitakiwa wizi wa ng'ombe asiyemjua, akakunja vidole, akachovya hewani kama anamega bukari, akapeleka mdomoni. Yaya aliutazama mkono ule, akasema, "Kumbe ni kukula!" akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, na hapohapo sakafuni kicheko kikageuka, akawalilia wale wawili wa kambi ya juu, na Sista Thandiwe, badala ya kumwinua, akaketi naye chini.

Hawakukaa muda mrefu. Obvious mwenyewe ndiye aliyenibeba mgongoni kutoka nyumbani, nikatundikiwa maji ya mshipa, na tarehe 3 Februari 2023 nikarudi nyumbani kwa miguu yangu. Wenzangu wote wanne waliokuwa wamefichwa kambini walifuata kwa sababu yaya alipita mlango kwa mlango akisema kulia kumeruhusiwa, na watatu kati yao wako hapa leo.

Wa nne, Mzee Chiti, hakupona, na kilio chake ndicho kilichokuwa mtihani, maana Sista alitaka watu wasikusanyike kabisa na yaya alitaka sinia kama zamani, wakabishana nyumba nzima ya kliniki ikisikia, na kila mmoja akaacha kitu. Kliniki ilitayarisha mwili, mtoto mmoja wa marehemu akisimama mlangoni kuona baba yake anavishwa vizuri, beseni likaondolewa, klorini ikaletwa, wakwe wakasimama na jagi kumimina maji juu ya mikono ya kila mtu, kwani tangu zamani kumiminiwa maji na mkwe ni heshima kubwa kuliko beseni, na bukari ikatoka motoni moja kwa moja, kila mtu na sahani yake. Watu walisita, walidhani ni chakula cha kliniki, mpaka Sista Thandiwe alipoketi kwenye mkeka wa wafiwa, akamiminiwa maji, akala, kisha akalia nao. Mzee Chiti alililiwa vizuri, na baada ya kilio chake hakuna mtu aliyeugua.

Tangu hapo hakuna tangazo la Kiswahili lililotoka kwenye kipaza sauti kabla halijasomwa kwanza jikoni kwa yaya, mbele ya mama wa kanisa wakichambua mboga, na yaya naye akaitwa kwenye mikutano ya kliniki, ambako Sista anasema alichelewa kila mara na hakukubali jambo kwa urahisi hata mara moja. Alipoambiwa asipike na maji ya ziwa yasiyochemshwa alinuna wiki nzima, halafu akaanza kuwagombeza wengine kwa jambo hilohilo kama kwamba alilibuni yeye.

Ugonjwa wake wa tension, yaani shinikizo la damu, ulijulikana mwaka 2022, mwezi wa Novemba 2024 figo zikaanza kushindwa, akalazwa mara tatu, na kila mara alilalamikia chakula cha wodini. Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, akiwa na miaka hamsini na tisa, ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na mimi.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi waliomvumilia, hasa Sista Thandiwe aliyekaa naye mpaka mwisho, inawashukuru jirani wa lugha zote, wapishi wenzake walio motoni sasa hivi, na wewe Obvious, ambaye yaya alikutania mpaka siku ya kulazwa kwake na kukuita mwanangu asiyejua kula.

Desturi yetu inamtaka msomaji wa historia asidondoshe chozi mpaka afike mwisho wa karatasi, ili watu wasikie. Nimefika, yaya. Pumzika kwa amani, nami niache sasa nilie, njoni tulie pamoja.