Chembe Zilizofungwa Mno

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, waheshimiwa walimu, wazazi wenzangu, nanyi vijana wa nyuma mnaochezea simu mkidhani bibi haoni: nawasalimu nyote.

Mimi darasa sikulichungulia hata dirishani, lakini kazi ya mjukuu wangu naijua, maana alinieleza jikoni mpaka sufuria ikaungua. Anaunda chembe za protini, ndogo hata jicho halizioni, zenye uwazi ndani. Humo anatia dawa ya saratani, ili ishuke penye ugonjwa tu, isimchome mgonjwa mwili mzima.

Chembe zake za kwanza zilisifiwa sana, hazikuvuja hata kidogo. Mwaka mzima akazijaribu kwenye seli za ugonjwa, na seli zikazidi kunawiri. Kumbe alizifunga mno. Dawa iliingia, haikutoka. Profesa wake, huyu hapa, mpole kama nini, alimsihi alegeze viungo vya chembe hizo. Akakataa katakata.

Ndugu zangu, mtoto aliogopa nini? Mama yake, binti yangu, alikuwa akitundikiwa dawa kama hiyo. Mjukuu, wakati huo miaka kumi na sita, akaambiwa auangalie mkono wa mama wenye sindano. Ukivimba, aite nesi. Akasinzia. Dawa ikavuja nje ya mshipa, ikauunguza mkono, na kovu lile binti yangu alizikwa nalo. Tangu hapo mtoto hataki kitu kivuje.

Mwishowe profesa akakaa naye wiki tatu, wakalegeza kiungo kimoja kimoja. Sasa chembe zikiingia ndani ya seli na kukuta uchachu wa mle, zinaiachia dawa. Panya wamepata nafuu. Ni panya, jamani. Msitoke hapa mkasema bibi katangaza tiba.

Ila wewe mjukuu wangu, usiinamishe kichwa, nitazame. Chembe umezilegeza, moyo bado. Mama yako aliniapisha nisikwambie, na leo kiapo nakivunja. Yeye hakuwa amelala siku ile. Aliusikia mkono ukiwaka, akakuona umeegemea kitanda chake, mdomo wazi. Akaniambia, "Mama, siku tatu alikuwa hajafumba jicho kwa ajili yangu. Nilidhani ni maumivu yangu yale yale, nikasema acha apumzike kidogo."

Umesikia, mwanangu? Usingizi ule alikupa mwenyewe.

Waheshimiwa, nashukuru kwa masikio yenu. Sasa nipisheni nishuke, nikamkumbatie mtoto.