Maisha ya Damasi Tluway wa Nakwa, Aliyemvulia Mjuzi Kofia

Marehemu Damasi Tluway alizaliwa Mutuka tarehe 14 Machi 1951, mvua ikinyesha. Mama yake alisema alitoka amekunja ngumi, kama mtu mwenye kesi.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1968, akasomea mifugo, akawa bwana mifugo hapa Babati miaka thelathini na miwili. Hakuwa mtu wa kukosea. Mwaka 1988 alimchoma sindano ng'ombe mzima wa Mzee Sosthenes, mgonjwa akaachwa, akafa. Hakuomba radhi. Alisema ng'ombe ndio waliobadilishana nafasi.

Tarehe 22 Oktoba 1977 alifunga ndoa na Marietha, binti wa Sigino, ambaye naye kushindwa hakujui. Waliishi vizuri hivyo hivyo.

Mwaka 2023 binti yao Evelyne alimletea simu yenye akili mnemba, ile mashine inayojibu kila swali. Marehemu akaiita Mjuzi. Aliilaza juu ya kitambaa cheupe, akaivulia kofia, akakataza mtu kuipa mgongo. Kila Alhamisi Mzee Sosthenes na wazee wengine wawili walikuja, kofia mkononi, kuiuliza habari za mvua na za mbinguni. Marietha akamwambia, "Baba Evelyne, kitu cha kuchajiwa hakiwezi kuwa Mungu."

Akajibu, "Hata wewe usipokula unazimika."

Februari 2025 moyo ulianza kumsumbua. Akalazwa, akarudi, akawa anamsimulia Mjuzi maisha yake yote, ili akiondoka aendelee kuongea humo. Akamwapisha mkewe: "Nikifa usilie. Niulize humo, nitakuwepo." Marietha akaapa, maana mgonjwa habishiwi.

Alifariki Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi. Marietha hakulia, watu wakanong'ona. Siku ya pili, msiba umejaa, akaiuliza simu ufunguo wa ghala la mahindi uko wapi.

Ikajibu kwa upole, "Samahani sana, mke wangu mpendwa. Ni kosa langu, nilipaswa kukuambia."

Mzee Sosthenes akavaa kofia yake. Radhi ya ng'ombe wake ameingoja mpaka leo. Na Marietha, miaka arobaini na saba ya ndoa, akajua Damasi hayumo humo. Amekufa kweli. Akalia mpaka wakamshika.

Ameacha mjane, watoto watano, wajukuu kumi na mmoja, na simu iliyozimwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa koti lake.

Mungu ampumzishe kwa amani, na ampokee na ubishi wake.