Uwanja Tuliomtengenezea Mzee Zedekiah Kivuva

Mzee Zedekiah Kivuva Matheka alizaliwa tarehe 9 Agosti 1931 huko Mwala, Machakos, mtoto wa tatu wa Mzee Matheka na Mama Kaluki, ambao wote walitangulia. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, akatoka na mwandiko mzuri ambao hakuna mtoto wake aliyeurithi.

Mwaka 1952 aliajiriwa na Reli kuwa karani wa vifurushi, akaishi mtaa wa Makongeni katika nyumba za wafanyakazi hadi alipostaafu mwaka 1986. Kifurushi kilichofungwa ovyo alikirudisha kwa mwenyewe, hata kikiwa cha pasta wa kanisa.

Mwaka 1956 alifunga ndoa na mama yetu, Mbeti. Mungu aliwajalia Kathini, mimi Munyoki ninayewasomea haya, na Koki.

Alipostaafu alinunua nyumba mtaa wa Umoja. Nyuma palikuwa na tope, michongoma iliyokauka nusu, na mabati yaliyoshikiliwa na waya. Kila Krismasi alituomba sisi watoto tupatengeneze, apate mahali pa kukaa na wenzake. Tulimjibu, "Tutaona, Baba." Tuliona kwa miaka kumi.

Tarehe 3 Machi mwaka huu alilazwa kwa ugonjwa wa moyo. Daktari alituambia tujiandae. Wapo ambao wakiambiwa hivyo hupiga magoti. Sisi tulikwenda kuutazama uwanja wa nyuma, kwa sababu matanga yangekuwa pale.

"Watu wa kanisa watakaa wapi?" Kathini aliuliza. "Kwa matope? Si tutachekwa!"

Siku ya pili yake fundi Mutie aling'oa michongoma, akasimamisha nguzo na seng'enge mpya, akaanza kupanga slabu za saruji. Mutie ni mtu wa mipango. "Saruji inataka wiki nzima ikauke," alisema. "Mzee atatupatia hiyo wiki?"

Tulimwambia afanye haraka.

Mzee akapona. Tarehe 15 Machi alirudi nyumbani, akapita jikoni, akafungua mlango wa nyuma, akasimama. Mutie alikuwa hapo akikusanya vifaa vyake.

"Harusi ni ya nani?"

"Ni ya kukukaribisha, Baba," Kathini alisema.

"Asanteni. Mutie, mbona hii kona umeikimbiza?"

Mutie hajui uongo. "Mzee, niliambiwa wageni wako njiani."

Mzee alitutazama mmoja mmoja. Kisha akaomba kiti.

Kwa miezi minane, kila Jumamosi, aliwaalika hapo wenzake wa Reli, watu wa kanisa na jirani yetu Mama Khadro, ambaye hakuja mikono mitupu. "Ketini, jamani," aliwaambia. "Haya ni matanga yangu, ila mwenyewe nimewahi."

"Wallahi, Mzee," Mama Khadro alisema, "sijawahi kuona marehemu anayemaliza mahamri namna hii!"

Walicheka wote. Sisi watatu tulipitisha vikombe, macho chini.

Mwezi wa Oktoba nilijaribu kumwomba msamaha. "Baba, kuhusu huu uwanja..."

"Maji hayatuami," alinikatiza. "Mutie ni fundi." Akanituma sukari.

Alifariki Jumamosi iliyopita, tarehe 22 Novemba 1997, saa nne asubuhi, akingoja wageni wake. Walipofika, walikuwa na mahali pa kukaa. Wengi wametusifu kwa hilo. Tafadhali msitusifu.

Ameacha mjane, Mama Mbeti, watoto watatu, wajukuu saba, na marafiki wa kila Jumamosi.

Baba hakutupa nafasi ya kuomba msamaha, nasi hatukuitafuta mapema. Tunauomba leo, mbele yenu na mbele ya jeneza lake. Alichotuomba kwa miaka kumi tulikifanya kwa siku tisa, na hatukukifanya kwa ajili yake.

Mungu ampe pumziko la amani, na safari hii asiharakishwe na mtu.