Mazishi ya Wenye Vyeti

"Bila cheti, mama, huongozi tena mazishi," mwinjilisti Bazilio alisema ndani ya basi la Kasulu. "Na asiyefika kozini leo anafutwa kabisa kwenye orodha ya waongoza mazishi."

"Na wale arobaini niliokwisha kuwazika? Tuwafukue, uwazike upya?" aliuliza Esteri, mzee wa kanisa. Mwalimu wake wa kozi ndiye huyu huyu Bazilio, ambaye Esteri alimfundisha katekisimu akiwa bado mtoto wa kutokwa makamasi.

Walipofika kijiji cha Nyakitonto, waombolezaji walisimamisha basi wakiomba mtu wa kuwaongozea mazishi. Mchungaji wao hakufika, na maiti ilikuwa na siku ya pili ndani ya nyumba.

"Haya, mwenye cheti ashuke," Esteri alisema.

Bazilio alitazama dari. Daftari lake la mahubiri lilikuwa juu kwenye keria, chini ya magunia ya maharage.

Esteri alikaza kitenge, akashuka. "Waambie Kasulu nimeanza na vitendo."