Malkia Aliyenyamaza

Kwenye treni ya Nanyuki, mkabala na kiti changu, mwalimu kijana aitwaye Risper alimweleza polisi aliyeketi kando yake kuhusu kundi lao la mtandaoni. Humo kila mtu huigiza mhusika wa hadithi, na anayetoka lazima aage, ndipo wenzake wampe mhusika wake safari au kifo. "Habon ndiye alikuwa malkia wetu. Amenyamaza tangu Krismasi, na sasa wameniambia nimuue malkia."

"Si umuue tu, mwalimu?" polisi akasema, kwa wepesi ulionishtua kidogo.

"Na kama Habon ni mgonjwa, akirudi apate tulishamzika?"

"Basi mpigie simu."

"Sina namba yake, afande. Hata sijui kama Habon ni jina lake la kweli."

Treni iliposimama Karatina, Risper alikuwa bado hajaandikia kundi neno lolote kuhusu kifo cha malkia.