Mafuta Aliyoniletea Mdogo Wangu

Ndugu zangu wa jumuiya, naomba niseme nikiwa nimekaa. Miguu iliyoungua haipendi kusimama.

Mkesha wa Noeli umeme ulikatika hapa Izigo. Mdogo wangu akatuletea mafuta ya taa kwenye dumu. Mke wangu alikuwa ametandika nyasi sakafuni, kama tunavyofanya sikukuu. Nikajaza chemli, nikaiwasha, tukaanza rozari. Ghafla taa ikapasuka, moto ukarukia nyasi. Mke wangu alinitoa nje akinivuta kwa shati, majirani wakauzima moto.

Wodini kule Bukoba niliwaza jambo moja tu: mdogo wangu alitaka nife achukue kibanja changu cha migomba. Alipokuja kunisalimu nikageukia ukutani. Niliporudi nyumbani nikaita ukoo ukae Jumapili, afukuzwe. Nawaambieni, nilisali kila asubuhi, na kila asubuhi nilimwombea mabaya.

Jumamosi akaja mke wa mwanangu, mwalimu wa kemia.

"Baba, lile dumu liko wapi?"

"Unataka nawe likuunguze?"

"Nataka kulinusa tu."

Akadondosha matone matatu juu ya jiwe, mbali na jiko: petroli ya pikipiki, mafuta ya taa ya dukani, na yale ya dumu. Petroli ikatoweka tukiitazama. Mafuta ya taa yakabaki. Tone la dumu likanywea upesi, kisha likabaki doa.

"Chembe za petroli ni fupi," akasema. "Zinashikana kidogo tu, kama watu walioshikana kwa ncha za vidole. Hata bila moto zinaachana, zinageuka mvuke. Za mafuta ya taa ni ndefu, zimekumbatiana. Hazichemki mpaka joto liwe kali. Humu zimechanganyika, baba. Chemli yako ilijaa mvuke wa petroli."

"Nani alichanganya?"

"Kamuulize mwenye dumu. Leo, kabla ukoo haujakaa."

Nikaenda na mkongojo. Mdogo wangu alikuwa akipunguza migomba. Aliponiona akaweka panga chini. Nikamuuliza dumu lilibeba nini kabla.

"Petroli. Ilikuwa imebaki kidogo chini. Waitu, tafadhali kaka, nilisema yote ni mafuta, yatawaka tu."

Akaliokota panga lake.

"Kesho nije saa ngapi?" akauliza.

"Ukoo haukai. Njoo tule."

Namshukuru Mungu, mke wangu, mke wa mwanangu, na mdogo wangu, aliyenishika mkono kunifikisha hapa. Dumu la petroli msilitie mafuta ya taa. Na ndugu yako, kabla hujamwitia ukoo, nenda kwake ukamuulize.