Enid Sagar, Mchawi wa Thornley Clough

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mliopanda kilima na mvua hii kuja kumsindikiza, mimi ni Clifford Ormerod, mdogo wa marehemu wa tumbo moja, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake, na kabla sijaanza niseme kwamba tangu jana watu wawili, ambao wamo humu ukumbini na sitawataja, wamenifuata wakiniomba niseme tu kwamba dada alipenda bustani, nami nimewajibu kwamba bustani yake ilikuwa magugu matupu na kila mtu anajua, dada alikuwa mchawi, alijiita hivyo mwenyewe kwa miaka hamsini na sita, na leo hatazikwa kwa jina jingine.

Marehemu Enid alizaliwa Jumatano, tarehe 12 Novemba 1947, hapa hapa Thornley Clough, Lancashire, Uingereza, mtoto wa kwanza wa Harold na Nellie Ormerod, wafumaji wa kiwanda cha pamba. Alisoma shule ya kanisa kuanzia 1952, kisha sekondari hadi Desemba 1962, akasifiwa kwa hesabu na kuadhibiwa kwa ubishi, na Januari 1963 akaingia kiwandani walikokuwa wazazi wetu. Huko ndiko mwaka 1968 mfumaji mmoja mzee alipomfundisha kuufuata mwezi, kwamba ukiandama unaanza jambo, ukikua unalilea, ukijaa unashukuru na kuwaombea watu, ukipungua unaacha lile linalokuumiza, na zile siku ambazo hauonekani kabisa unakaa kimya na kupumzika, basi, hiyo ndiyo elimu yote iliyokuja kuutikisa mji huu.

Tarehe 15 Julai 1972 alifunga ndoa na Leonard Sagar, siku aliyoichagua mwenyewe kwa kuwa mwezi ulikuwa unakua, ingawa mama aliambiwa ni kwa sababu ukumbi ulikuwa na nafasi. Kiwanda kilipofungwa mwaka 1979 akawa mpishi wa shule, tarehe 2 Aprili 1983 wakajaliwa mtoto wao mmoja, Bryony, na tarehe 19 Oktoba 1986 Leonard akafariki kwa kifua, vumbi la pamba likiwa limemmaliza.

Sasa nafika mahali ambapo wengi wenu mnatazama viatu vyenu. Mapema mwaka 1990 Bryony alichora shuleni picha ya mama yake amevaa joho jeusi, ameshika kisu, mwezi mkubwa juu yake, na wakati ule magazeti yalikuwa yamejaa habari za wachawi wanaochinja watoto, basi Alhamisi tarehe 8 Machi maofisa wa ustawi wa jamii wakamchukua mtoto akiwa darasani, wakaibeba na kalenda ya jikoni yenye tarehe zilizozungushiwa wino mwekundu, na dada akafukuzwa kazi wiki hiyo hiyo. Walihitaji ndugu wa kuthibitisha. Ndugu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa mhubiri wa kujitolea kanisani, niliogopa kuchekwa, nikatia sahihi karatasi waliyoiandika wao, iliyosema mtoto yuko hatarini.

Mwishoni mwa Machi walimpa dada nafasi, asaini kwamba ameacha mambo hayo, mtoto arudi kesho yake, nami nikaenda kumsihi.

"Saini, Enid. Ni karatasi tu."

"Ndivyo ulivyojiambia wewe?" akaniuliza, akanifungia mlango, na Bryony akatimiza miaka saba kwa watu asiowajua.

Kesi ilisikilizwa tarehe 14 Juni 1990. Wakili wake alimnong'oneza, nami nilikuwa karibu nikasikia, "Bi Sagar, tafadhali, sema ni kalenda ya kupandia mboga." Jaji akauliza kama ni kweli yeye ni mchawi.

"Ndiyo, mheshimiwa. Na ni mpishi pia, ila hilo hakuna anayeliuliza."

"Na kisu?"

"Ni cha kuchorea duara hewani. Hakina makali, kingekuwa nayo ningemenyea viazi."

Wakili wa upande wa pili akaiinua kalenda, akasema hizo tarehe nyekundu za mwezi mpevu ni za kafara, dada akamwambia, "Baba, geuza karatasi, nyuma kuna maandishi. Soma kwa sauti, usione haya." Yule bwana akasoma. Januari, Bryony, meno. Februari, Bi Tattersall wa nyumba ya pili, mwanawe apate kazi. Machi, Clifford, mgongo, alale vizuri.

Mgongo huo ulikuwa umenitesa tangu Krismasi na sikuwa nimemwambia mtu ila yeye. Nilisimama kabla sijaitwa, jaji akaniambia nikae, sikukaa, nikasema maneno ya kwenye ile karatasi si yangu, sahihi ndiyo yangu, na ninaona aibu nayo. Ijumaa tarehe 22 Juni, kwa amri ya jaji, baada ya siku mia moja na sita, Bryony alirudi nyumbani. Alipokua alimuuliza mama yake kwa nini hakusaini mapema, akajibiwa, "Ungerudi kwa mama aliyekubali kwamba ni wa kuogopwa," na Bryony ameniruhusu niseme hapa kwamba jibu hilo halikumtosha siku zote, lakini leo amevaa lile joho, mnamwona.

Dada hakujificha tena. Aliweka tangazo kwenye dirisha la posta, "Mwezi mpevu Jumamosi, saa moja jioni, njoo na keki," wakaja wanawake watatu, baadaye thelathini, na shule ikamrudisha jikoni mwaka 1992, akapika hadi alipostaafu Julai 2007. Nami alinisamehe, ingawa alichukua miaka minne, na hakunipunguzia hata siku moja.

Mwezi Juni mwaka huu aligundulika na saratani ya kongosho. Alitaka apasuliwe mwezi ukiwa unapungua, ratiba ya daktari ikakataa, akamwambia, "Kata tu, mwanangu, mwezi nitaongea nao mimi." Alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 29 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka sabini na sita, Bryony akiwa amemshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsikiliza bila kumcheka, majirani walioleta supu, wapishi wenzake, na wanawake wa mwezi mpevu waliokesha naye kwa zamu. Ofisi iliyomchukua mtoto wake haijaleta neno la kuomba radhi kwa miaka thelathini na minne, hiyo hatuishukuru, na anayeona hapa si mahali pa kusema hivyo, mlango uko nyuma.

Pumzika, dada yangu, na amani iwe yako, hakuna tena mwenye ruhusa ya kukuuliza wewe ni nani.